Unayemsikia Usiku ni Mtu Wako

Kwenye mkutano wa mtaa wetu mwezi uliopita, ajenda ikiwa ulinzi baada ya wezi kuvunja nyumba za watu, mzee mmoja anayeheshimika alishika kipaza sauti akasema: "Mwanaume asiye na silaha ya moto chumbani hana familia, ana watu anaolala nao nyumba moja tu." Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Mwenyekiti akamshukuru mzee kwa mchango wake mzuri, kisha tukahamia kwenye suala la taka.

Mimi sikupiga makofi, na hasira ya siku ile bado ninayo. Kauli hiyo ni ya hatari na inazidi kuota mizizi. Unaisikia vijiweni, unaisikia misibani, unaisoma kwenye magrupu ya WhatsApp ya mtaa, na hata mahubirini nimesikia baba mwenye "mguu wa kuku" akisifiwa kuwa ndiye anayejua wajibu wake. Eti bastola ya chumbani ni ulinzi wa familia. Nasema si ulinzi. Ni hatari ya kwanza kwa familia hiyo hiyo, na wanaoihubiri wanawadanganya wenzao.

Naomba kila baba anayeitamani ajiulize swali moja: nani anatembea nyumbani kwako usiku?

Nyumba zetu zina watu. Kuna mtoto anayeamka kwenda chooni. Kuna dada wa kazi anayewasha jiko saa kumi alfajiri ili wanaowahi daladala ya kwanza wanywe chai. Kuna mdogo wake mke wako ambaye basi lake liliharibika Chalinze, akashuka Mbezi saa nane usiku, simu imezima chaji, anazunguka nyuma ya nyumba akitafuta dirisha la kugonga. Kuna kijana wako aliyekwenda kuangalia mpira wa Ulaya, akakuta geti limefungwa, anaruka ukuta kimyakimya kwa sababu anakuogopa wewe kuliko anavyoogopa vipande vya chupa ulivyopanga juu ya ukuta huo. Kumbuka kelele zote ulizowahi kusikia usiku ndani ya nyumba yako: sufuria iliyoanguka, kitasa kilichozungushwa taratibu, mlango wa nyuma uliolia. Ngapi zilikuwa za jambazi? Unayemsikia usiku ni mtu wako. Na huyo ndiye mzee wetu anayetaka apokelewe kwa risasi.

Shemeji yangu wa Mbagala alisikia kishindo uani usiku wa manane, umeme umekatika. Akatoka na panga, akasimama mlangoni, akapiga kelele: "Nani huyo? Nitakukata!" Sauti ikajibu kutoka kwenye giza: "Baba, ni mimi." Alikuwa mwanawe wa kidato cha nne, magoti yakichuruzika damu kwa kuruka ukuta. Mama yake akatoka na tochi na beseni la maji, kijana akasafishwa na kuchapwa kwa maneno hadi alfajiri. Leo yuko chuo. Mwenye panga hana budi kumsogelea mtu, na kabla hajamfikia, mtu huyo ana nafasi ya kusema jina lake. Mwenye bastola anamaliza kila kitu akiwa amesimama dirishani.

Atakayesema natunga hofu atazame Afrika Kusini, ambako bastola za nyumbani si jambo geni. Mei 2004, Rudi Visagie, aliyewahi kuichezea timu ya taifa ya raga ya nchi hiyo, alisikia gari likiondoka nyumbani kwake alfajiri. Akadhani mwizi anaiba gari la binti yake. Akafyatua risasi moja tu kutoka dirishani. Aliyekuwa kwenye usukani ni binti yake mwenyewe, miaka 19. Waendesha mashtaka hawakumshtaki, wakaona adhabu aliyojipa inamtosha. Yule hakuwa mlevi wala katili. Alikuwa baba anayefanya hasa kile mzee wetu alichokisifia ukumbini.

Miaka tisa baadaye, usiku wa kuamkia tarehe 14 Februari 2013 jijini Pretoria, mwanariadha Oscar Pistorius alifyatua risasi nne kupitia mlango wa choo uliofungwa, mlango wa choo cha chumba chake cha kulala. Alidai alidhani ndani kuna mvamizi. Ndani alikuwepo mpenzi wake, Reeva Steenkamp. Mahakama ya Rufaa haikukubali utetezi huo, na Desemba 2015 ikamtia hatiani kwa mauaji. Tuseme hata kama tungemwamini kila neno. Tuseme kweli alidhani ni mwizi. Bado nyumba ilikuwa ndani ya eneo lenye ukuta na walinzi, na aliyekufa ni mwanamke aliyekuwa amelala naye kitanda kimoja. Unayemsikia usiku ni mtu wako.

Hapo husimama watetezi wa bastola na majibu yao. La kwanza: "Mimi nitapata mafunzo." Mafunzo gani yatazidi ya Pistorius? Yule alikuwa mpenzi wa silaha, anakwenda kwenye viwanja vya kulenga shabaha, na alijua masharti ya kumiliki silaha. Wiki chache kabla ya kifo kile, bastola ya rafiki yake ilifyatuka mkononi mwake chini ya meza ya mgahawa uliojaa watu jijini Johannesburg. Mafunzo hukufundisha kulenga. Hakuna mwalimu wa shabaha anayeweza kukufundisha kuona gizani, ukiwa umetoka usingizini na moyo ukikudunda, kwamba mguu ule ni wa mtoto wako.

La pili ndilo linaloniudhi zaidi: "Nitaifungia kwenye kasiki." Haya, ifungie, na risasi uziweke mbali, kama inavyompasa kila mwenye leseni kuihifadhi mahali salama. Jambazi amevunja mlango saa nane usiku. Unatafuta ufunguo wa kasiki chini ya godoro, unatafuta risasi kabatini, mkono unatetemeka. Umeshachelewa. Na ukisema hapana, itakaa chini ya mto ikiwa tayari, basi iko tayari pia kwa mtoto wa miaka mitano anayeruka juu ya kitanda chako Jumapili asubuhi. Ukiifungia haikufai, ukiiacha wazi inaua wa kwako. Nimeuliza wengi, na wote hunyamaza au hubadilisha mada.

La tatu: "Na Panya Road je?" Kila mtu ananitajia Panya Road, magenge yaliyotutisha Dar es Salaam mwaka 2015 na tena 2022. Wale walivamia kwa makundi, mapanga mkononi, nyumba hadi nyumba. Nionyesheni nyumba moja iliyookolewa na bastola ya kabatini. Wanaoleta hoja hii wamekaa mno mbele ya filamu ambazo mtu mmoja anaangusha ishirini bila hata shati lake kuchafuka.

Kisha kuna jambo ambalo hawataki kabisa kulisikia: bunduki huita jambazi. Julai 2015, majambazi walivamia kituo cha polisi cha Stakishari, Ukonga, hapa hapa Dar es Salaam. Waliua polisi wanne na kuondoka na bunduki. Wale walikuwa askari, kazini, ndani ya kituo, wenye silaha na mafunzo, na kilichowaletea majambazi ni zile bunduki zenyewe. Sasa wewe karani, wewe mfanyabiashara wa nafaka, unayelala fofofo ukiwa na bukta, utailinda yako kwa kitu gani? Siku mtaa ukijua una silaha, na mtaa utajua kwa sababu wenye silaha hawawezi kunyamaza, nyumba yako imeingia kwenye orodha.

Walinzi wetu wa mageti nao wana silaha isiyolindwa. Jirani yangu ana mlinzi ambaye mshahara wake huchelewa kila mwezi, amepewa shotigani na tajiri wake. Akienda kuteka maji anaiegemeza kwenye kiti cha plastiki, na watoto wanapita hapo wakitoka shule. Huo ndio tunaouita ulinzi.  Huku taa za barabara kuu ya mtaa wetu hazijawaka miaka, na hakuna aliyeshika kipaza sauti kuzidai.

Lakini usiku si hatari pekee. Bastola inalala chumbani kati ya mume na mke. Nyumba zina ugomvi, zina wivu, zina pombe, zina madeni na siku za kukata tamaa. Tunasoma magazetini mume amemmiminia mkewe risasi kwa wivu wa mapenzi, kisha naye kujiua. Ugomvi ule ule, bila bastola, ungeishia kwa wazazi na wazee wakikaa kikao. Huko Marekani, utafiti wa Arthur Kellermann na wenzake uliochapishwa mwaka 1993 ulichunguza mauaji ya majumbani katika kaunti tatu, na ukakuta nyumba yenye bunduki ina hatari ya mauaji karibu mara tatu. Karibu hatari yote hiyo ilitoka kwa ndugu au mtu wa karibu. Mvamizi hakuwa na sehemu kubwa humo.

Tujilindeje basi? Wazee wetu wa Usukuma na Unyamwezi, wezi wa ng'ombe walipowazidi mwanzoni mwa miaka ya 1980, walianzisha Sungusungu. Nguvu yao ilikuwa yowe: mmoja akipiga, kijiji kizima kinatoka. Mtaa wetu unahitaji hilo. Filimbi kila nyumba, namba ya simu ya jirani ukutani, taa inayowaka uani, mbwa, komeo imara, na doria ya ulinzi shirikishi ambayo kila nyumba inaichangia mtu au fedha. Mwizi hukimbia watu wengi walioamka. Na siku aliyeruka ukuta akiwa kijana wako, majirani wote watamtambua kwa tochi.

Namalizia kwa viongozi wa mitaa, kwa kuwa mwombaji wa silaha huanzia kwao kabla hajafika polisi. Acheni kugonga muhuri kwa sababu mwombaji ana gari zuri au alichangia ujenzi wa ofisi. Nendeni nyumbani kwake mkahesabu wanaolala humo. Kisha muiteni mkewe, peke yake, mumuulize kama atalala usingizi kitu hicho kikiwa chumbani. Akisita, rudisheni fomu.