Deni Letu Liko Arusha

Asubuhi na mapema, maduka ya Mtaa wa Congo, Kariakoo, yanapofunguliwa, kijana machinga husimama mbele ya duka la viatu. Mwenye duka humhesabia pea kumi na mbili, huandika idadi kwenye daftari la shule lililochakaa pembeni, na kijana huondoka bila kulipa hata senti. Ndiyo mali kauli. Jioni atarudisha fedha, au viatu. Sharti hilo halina wakili wala muhuri, lakini lina nguvu, maana kesho wawili hao wataonana tena mlangoni palepale.

Lakini tangu damu ilipomwagika katika uchaguzi wa Tanzania wa Oktoba 2025, wengi wetu hatutafuti sharti la namna hiyo; tumeelekeza macho Ulaya na Marekani. Je, watakata misaada? Watatuwekea masharti gani? Ndugu zangu, kiu hiyo naielewa. Aliyenyimwa haki nyumbani kwake halaumiwi kwa kupiga kelele jirani asikie. Lakini tukumbuke masharti hayo yalitufikisha wapi.

Machi 2016, Shirika la Millennium Challenge la Marekani lilisitisha msaada wa zaidi ya dola milioni 470, likitaja uchaguzi wa marudio wa Zanzibar na Sheria ya Makosa ya Mtandao. Fedha zilikuwa za umeme. Zikaenda zao, sheria ikabaki, na aliyekosa umeme siye aliyeitunga.

Mwaka 2018 Benki ya Dunia nayo ilizuia mkopo wa elimu wa dola milioni 300, na mojawapo ya sababu ni wasichana waliopata mimba kukatazwa kurudi shuleni. Machi 2020 mkopo ukapitishwa, tena umeongezwa hadi dola milioni 500. Katazo lenyewe likaondolewa Novemba 2021. Kwa miezi ishirini mfadhili alikuwa amekwisha kukubali, na binti bado yuko nje ya lango la shule yake.

Sisemi kwamba sharti la mgeni ni ubeberu. Neno hilo hupendwa kutamkwa na wanaozipokea fedha hizohizo kwa mikono miwili. Nasema mgeni hana daftari. Akichoka, au akiona biashara nyingine ya kufanya nasi, husamehe deni ambalo si lake kusamehe.

Daftari tunalo sisi. Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka kwa sababu ya kero za kodi. Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, akaja, akakutana nao Mnazi Mmoja, wakamwambia yao hadharani, na kikosi kazi cha kodi kikasimamishwa. Hakuhitajika balozi wa nchi yoyote.

Sasa tufungue ukurasa mwingine. Tanzania iliridhia Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu mwaka 1984, na Mahakama ya Afrika iko hapahapa kwetu, Arusha. Mwaka 2010 serikali ilitoa tamko la kumruhusu mwananchi kuishtaki huko moja kwa moja. Juni 2013 Mchungaji Christopher Mtikila akashinda: mahakama ikasema kumzuia mgombea binafsi ni kuvunja Mkataba. Hukumu hiyo haijatekelezwa. Badala yake, Novemba 2019 serikali iliondoa tamko lenyewe.

Hilo si sharti la Washington wala Brussels. Ni saini yetu wenyewe, mali kauli iliyochukuliwa kwetu. Basi tudai tamko hilo lirudi. Mbunge akija kutafuta kura, aulizwe hilo kabla ya barabara. Viongozi wa dini walitaje bila woga. Nanyi wafanyabiashara mliosema kwa sauti moja juu ya kodi, semeni na juu ya hili, kwa kuwa anayekamatwa leo bila kosa kesho anaweza kuwa mteja wenu, au mwanenu.

Mtu wa Kariakoo akipanda basi alfajiri, kabla ya usiku kuingia yuko Arusha. Akifika na shauri lake dhidi ya serikali, ataukuta mlango umefungwa, na ufunguo uko Dodoma.