Kabla ujiambie huna kipaji, kagua karatasi

KIJANA ananunua kisanduku cha rangi za maji na brashi mbili, kisha anachomoa karatasi ya fotokopi na kuanza kazi. Dakika tano baadaye karatasi imejikunja, rangi ya anga imeingia kwenye paa la nyumba, na pale alipojaribu kusugua kosa pamebaki nyuzinyuzi na tundu. Anatazama video aliyokuwa akiifuata kwenye simu, anatazama kazi yake, halafu anajihukumu: hii kitu si yangu.

Hukumu hiyo mara nyingi si ya haki. Karatasi ya kawaida ya fotokopi huwa na uzito wa gramu 80 kwa kila mita mraba. Ilitengenezewa wino wa printa, si maji. Ile inayotumiwa sana na wachoraji wa rangi za maji ina gramu 300, karibu mara nne zaidi. Hata fundi aliyebobea ukimpa hiyo ya gramu 80 atatoka na matope.

Suala hili si la wapenda kuchora pekee. Januari mwaka wa 2026 kundi la kwanza la Gredi ya 10 liliingia sekondari ya juu, na kati ya mikondo mitatu iliyopo, mmoja ni wa Sanaa na Sayansi ya Michezo. Kuna vijana waliochagua mkondo huo wakijua wazazi wanawaangalia kwa jicho la shaka. Kijana kama huyo akivunjwa moyo na karatasi, si rahisi arudi nyumbani kueleza kwamba tatizo halikuwa mkono wake.

Kwa hivyo tunasema hivi: ukiwa na doo kidogo, karatasi iwe ya kwanza kwenye bajeti. Rangi za bei ya chini juu ya karatasi nzuri zitakupa picha ya kuridhisha. Rangi ghali juu ya karatasi mbovu hazitakupa kitu. Brashi nazo, moja ya duara ya ukubwa wa wastani inatosha kwa miezi kadhaa. Seti ya brashi kumi na mbili ni ya kupiga nayo picha, bana.

Dukani, usidanganywe na picha tamu iliyo kwenye jalada. Tafuta namba iliyoandikwa pamoja na herufi gsm. Ukiona 300, uko sawa. Ukiona 190 au 200 bado unaweza kujifunzia, mradi ubandike kingo zote nne kwenye ubao kwa tepu ya karatasi, ile mafundi wa kupaka nyumba hutumia kuziba kingo, na usimwage maji mengi. Chini ya hapo, baki na penseli. Manila tuliyoizoea shuleni ni nzuri kwa penseli, kalamu na rangi nzito za poster, lakini ukiisugua ikiwa imelowa uso wake unachubuka.

Uzito peke yake hautoshi, na hapa ndipo wengi hukwama. Kuna kadi nene za kutengenezea jalada la ripoti ambazo zina gramu za kutosha ila zinakunywa maji kama sponji. Karatasi halisi ya rangi za maji hutiwa gundi maalum, ya jelatini au ya wanga, ili rangi ikae juu kwa muda uweze kuisogeza. Jaribio lake ni rahisi. Nunua karatasi moja kabla ya kununua pakiti nzima, weka tone la maji, subiri dakika moja. Tone likibaki limesimama, endelea. Likizama mara moja na alama nyeusi kutokea upande wa nyuma, hiyo ni kadi tu.

Kisha kuna pamba. Karatasi za bei ya juu, kama Arches ya Ufaransa ambayo kiwanda chake kinahesabu historia yake tangu 1492, hutengenezwa kwa pamba tupu. Za bei nafuu hutengenezwa kwa nyuzi za miti. Wapo walimu wanaosisitiza kwamba mwanafunzi aanze na pamba moja kwa moja, na hoja yao ina uzito: pamba hukaa na unyevu kwa muda mrefu na huvumilia tabaka nyingi za rangi. Anayejifunzia karatasi ya miti pekee anaweza kuamini kwamba kuchanganya rangi zikiwa zimelowa ni jambo lisilowezekana.

Hata hivyo, kwa hali ya mifuko yetu, hatukubaliani nao. Karatasi ghali ina tabia ya kumtisha mwenyewe. Unaiweka chini ya godoro ukisubiri siku utakapokuwa mkali, na siku hiyo haifiki kwa sababu hufanyi mazoezi. Nunua ya miti yenye gramu 300 kwa kazi za kila siku, halafu ukiweza, tafuta karatasi moja tu ya pamba, uikate vipande, uhisi tofauti kwa mkono wako mwenyewe.

Suala la kukata lina hesabu tamu. Karatasi moja ya A3 hutoa vipande vinane vya A6, ukubwa wa postikadi. Pakiti ya karatasi 12 basi ni vipande 96, na ukitumia pande zote mbili ni michoro 192. Hiyo ni zaidi ya nusu mwaka ukichora kitu kimoja kila siku: sufuria, jirani aliyelala kwenye kiti, bodaboda stejini. Kwa hivyo ukilinganisha bei, usiangalie bei ya pakiti. Gawanya kwa idadi ya karatasi, halafu angalia ukubwa. Pakiti ndogo yenye jalada la kuvutia mara nyingi ndiyo ghali.

Wala usihofu kwamba karatasi ya miti itageuka manjano. Michoro ya mimea aliyoichora Joy Adamson, ambayo Makavazi ya Kitaifa jijini Nairobi inahifadhi, ilistahili karatasi ya kudumu. Sufuria yako ya Jumanne haistahili, bado.

Walio Mombasa, Lamu na Kilifi wana mzigo wa ziada. Unyevu huharibu ile gundi na kuleta madoa ya ukungu, kwa hivyo hifadhi karatasi ikiwa imelala ndani ya kontena lenye kifuniko. Juala zilipigwa marufuku 2017, usizitafute.

Walimu nao wana kazi. Shule inayoandika tu "daftari la kuchorea" kwenye orodha ya mahitaji inamwacha mzazi anunue lolote lililo karibu. Andikeni gramu. Wanafunzi wanne wakichanga, pakiti moja ya A3 inawapa kila mmoja karatasi tatu, vipande 24, na hiyo ni kazi ya muhula mzima kwa darasa linalochora mara mbili kwa wiki.