Kufuli Si Hukumu

Mwalimu aliyepangiwa kazi Kipili, kando ya Ziwa Tanganyika, hana nyumba nyingi za kuchagua, na wenye nyumba wanalijua hilo. Kodi ikichelewa wiki mbili tu, baadhi yao huanza vitisho: mlango utang'olewa, vyombo vitatupwa nje, kufuli jipya litafungwa. Naye mpangaji, aliyefundisha uraia asubuhi, hufunga virago usiku kama mwizi!

Woga huo unalishwa na uvumi kwamba tangu Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba ya mwaka 1984 ilipofutwa mwaka 2005, mpangaji hana kinga yoyote. Huo ni uongo unaowafaa makabaila. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inampa mpangaji haki ya kukaa kwa utulivu muda wote wa upangaji wake. Anayepanga kwa mwezi, bila mkataba wa muda maalumu, anastahili notisi isiyopungua mwezi mmoja.

Anayevunjiwa mlango au kutishwa aende polisi. Mgogoro wenyewe huanzia Baraza la Kata, ambalo tangu mwaka 2021 kazi yake ni kusuluhisha tu. Likishindwa, shauri huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, lenye uwezo wa kutoa zuio. Wanyonyaji hutegemea kwamba mpangaji ataogopa nauli ya kupanda huko kutoka ziwani.

Mdaiwa sugu hatetewi hapa. Lakini hata yeye huondolewa kwa utaratibu wa sheria, si kwa shoka. Mwenye nyumba asiyetaka kutoa stakabadhi aombwe mbele ya mashahidi.