Undugu ni Kufaana

Kila aisifuye santuri ya Herbie Hancock iitwayo Head Hunters, iliyotoka mwaka 1973, huanza na hesabu ya mauzo: jazi iliyochanganywa na fanki ikauzwa zaidi ya nakala milioni moja. Sifa hizo ni haki yake. Lakini zikishamalizika, hubaki swali ambalo mashabiki hulikwepa: ile sauti iufunguayo wimbo wa pili, "Watermelon Man", ni ya nani?

Asili yake si Marekani. Wimbo huanza kwa mtu apulizaye na kuimba kwa zamu, filimbi na koo zikifumana kama ukili. Huo ndio mtindo wa hindewhu, sanaa ya Ba-Benzélé, watu wa misitu ya Jamhuri ya Afrika ya Kati. Chombo chao ni kikonyo cha mpapai chenye noti moja tu. Nyingine zote hutoka kooni mwa mpigaji. Simha Arom na Geneviève Taurelle waliirekodi sanaa hiyo, ikatolewa katika santuri mwaka 1966. Bill Summers, mpiga ngoma wa Hancock, aliisikia, akaiiga kwa kupuliza chupa ya bia. Ufundi upo, hakuna abishaye. Ila wenye sanaa hawakutajwa kuwa watunzi, wala hawakupata fungu.

Alipoulizwa na mtafiti Steven Feld, Hancock alijitetea kwamba hilo ni jambo la ndugu kwa ndugu. Utetezi huo una uzito, kwani Mmarekani mweusi naye ni mtu aliyeporwa: nchi, jina, hata nyimbo. Lakini wahenga walisema undugu ni kufaana, si kufanana. Ndugu mwenye studio na kampuni ya santuri akivuna kwa pumzi za ndugu asiye na kitu, deni lake huwa kubwa kuliko la mgeni. Undugu haufuti deni; ndio unaolithibitisha.

Watu wa pwani wana sababu ya kulisema hili. Mwaka 1971 Hancock huyo huyo alitoa santuri aliyoiita Mwandishi, na bendi yake ikajivika majina ya Kiswahili: yeye Mwandishi, Buster Williams Mchezaji, Eddie Henderson Mganga, Billy Hart Jabali. Hakuna aliyeibiwa hapo. Jina lilivaliwa mchana kweupe, na alionaye hujua limetoka katika lugha gani. Wala Hancock hakuwa mtu asiyejua kutaja asili. "Watermelon Man" yenyewe aliirekodi kwanza mwaka 1962, na daima amesimulia kwamba aliitoa kwa muuza matikiti na mkokoteni wake katika mitaa ya Chicago alikokulia. Muuza matikiti alikumbukwa. Mpuliza kikonyo akasahauliwa.

Watasema wengine kwamba muziki ni upepo, hauna mwenyewe. Mbona basi wimbo huo una mwenyewe pale malipo yanapogawanywa? Upepo huo huwa hauna mwenyewe ukiwa msituni tu. Ukifika studio, hupata hati.

Na pwani isijifanye hakimu msafi. Taarabu imekopa mahadhi ya Misri, na mashairi mengi mazuri ya Kiswahili yameimbwa kwa mahadhi ya sinema za Kihindi pasipo mtunzi wa Bombay kutajwa. Hilo nalo ni deni. Kosa la kwetu halihalalishi la kwao. Yote mawili yahukumiwe kwa sheria moja. Sheria hiyo haikuletwa na wageni: watunzi wa tenzi huliweka jina lao katika beti za mwisho, ili mnakili wa mbali asije akalipoteza. Na mfasiri achapishaye kazi bila jina la mtunzi wa asili huitwa mwizi, hata kama tafsiri yake ni tamu. Kwa nini mwanamuziki apewe msamaha ambao mfasiri ananyimwa?

Hakuna anayetaka Head Hunters itupwe. Ichezwe, isikilizwe, isifiwe. Lakini kila mtangazaji aipigaye na kila mhakiki aiandikaye aseme kwanza: Ba-Benzélé. Kukopa arusi, kulipa matanga. Arusi hii imechezwa tangu mwaka 1973, na waliotoa ngoma bado wamesimama nje ya ua.