Sinema Haikufa, Imehamia Majumbani

Wako wanaofurahi kwamba majumba ya sinema ya Dar es Salaam, kama Avalon, Empire na Odeon, yalikosa watazamaji na kufungwa. Furaha hiyo haina msingi. Sinema haikufa, bali ilihama. Kanda za video zilienea miaka ya 1980, televisheni ikaingia Tanzania Bara mwaka 1994, na vibanda vya video vikafika hadi vitongojini. Leo filamu imo katika simu ya mtoto.

Jumba la sinema lilikuwa na mlango na mkaguzi wa tiketi. Sheria Na. 4 ya mwaka 1976 iliweka bodi ya kukagua filamu, lakini bodi haiwezi kukaa katika kila chumba. Mlinzi aliyebaki ni mzazi.

Wala kukataza pekee hakutoshi. Nakala za wizi zimechangia kudhoofisha soko la filamu za Kitanzania, na pengo hilo hujazwa na kazi za kigeni. Basi vijana wenye vipaji na watunge visa vyenye mafunzo, nasi tuvinunue kwa njia ya halali. Anayenunua nakala ya wizi anakula jasho la mwenzake, kisha analalamika kwamba hapana filamu yenye maadili.