Maisha ya Jamii: Mwenzi wa Njiani

Likizo inapowadia, kituo cha mabasi cha Nyabugogo mjini Kigali hufurika watu wenye mizigo mgongoni. Si wote wanaokwenda kuwaona wazazi wao. Miongoni mwao wamo vijana waliojiwekea akiba kwa miezi mingi, nao hamu yao ni kuiona bahari: Dar es Salaam, Bagamoyo, Tanga, Pangani, na huko kusini Kilwa. Kwa kuwa malazi ni ghali kwa mtu mmoja, na upweke wa safari ni mzigo mzito kuliko mkoba, vijana hao hujiunga na wenzao waliofahamiana nao juzi tu, na pengine ndani ya basi lenyewe. Mzazi aliyeko kambini, au katika nyumba za polisi, akizipata habari hizo huingiwa na hofu. Swali lake huwa ni moja: mtoto wangu anafuatana na nani?

Swali hilo ni la haki. Hata hivyo, jibu lake si kumfungia kijana ndani, maana njia ya kutoka bara hadi pwani ilikanyagwa tangu zamani na watu wasiofahamiana. Katika karne ya 19 misafara ya Bagamoyo na Pangani ilikusanya wapagazi wa makabila mengi, kila mmoja na mzigo wa kilo 30 hivi kichwani au begani. Mjerumani von Götzen alianza safari yake Pangani mwishoni mwa mwaka 1893 pamoja na wapagazi wake, akavuka Mto Akagera na kuingia Rwanda mwezi Mei 1894. Mji wa Kigali wenyewe, ulioanzishwa na Richard Kandt mwaka 1907, ulipokea mapema askari na wafanya biashara waliotoka pwani, na ndiyo sababu mojawapo Kiswahili kikaota mizizi Nyamirambo miaka mingi kabla ya kufanywa lugha rasmi ya nchi mwaka 2017.

Je, watu wale waliwezaje kutembea pamoja kwa miezi bila kutupana porini? Hawakutegemea bahati. Walikuwa na kirangozi aliyetangulia mbele, ambaye mwendo wake ulifuatwa na wote. Walijigawa katika makundi madogo ya kambi, wakachanga posho, wakapika kwa zamu. Na walipofika pwani, Wanyamwezi na Wazaramo waliingia katika utani, ambao wengi huuhusisha na misafara hiyo. Watani huruhusiwa kutaniana kwa maneno makali bila kukasirikiana, lakini mmoja akifiwa, mtani wake ndiye anayesimama kusaidia katika mazishi. Kwa njia hiyo mgeni alipewa haki, akapewa na wajibu. Wazee walifahamu kwamba urafiki usio na wajibu hauvuki hata mto mmoja.

Vijana wa leo wanaokutana Nyabugogo wana tabasamu, wana picha za simu, na wana nyimbo za kuimba pamoja. Mara nyingi kilichopungua ni yale masharti. Basi inafaa mambo manne yasemwe waziwazi kabla ya safari kwenda mbali.

La kwanza ni mpaka. Tangu mwaka 2014 raia wa Rwanda, Uganda na Kenya wameweza kutembeleana kwa kitambulisho cha taifa, lakini Tanzania haikuwamo katika mpango huo ulipoanza. Kwa hiyo aendaye pwani kupitia Rusumo hana budi kushika hati yake ya kusafiria, na kuishika mwenyewe. Pale Rusumo maofisa wa nchi mbili hufanya kazi pamoja katika kituo kilichofunguliwa rasmi mwaka 2016, na kila msafiri hujibu kwa mzigo wake. Mwenzi akisema, “Nichukulie mkoba huu, wangu umejaa,” jibu la busara ni kukataa kwa upole, hata kama amenunua chai na mandazi tangu asubuhi. Kilichofichwa ndani ya mkoba hakiulizwi ni cha nani. Huulizwa umekamatwa mkononi mwa nani. Mtoto wa askari anayekutwa na magendo humwaibisha mzazi wake, lakini kubwa zaidi ni kwamba anaweza kupoteza miaka ya ujana wake gerezani katika nchi ya watu.

La pili ni fedha. Faranga za Rwanda hubadilishwa kuwa shilingi, na katika kubadilisha huko ndipo hesabu huvurugika. Inafaa wenzi wachange mfuko mmoja mdogo wa nauli na chakula, mmoja autunze, mwingine aandike matumizi kila jioni. Fedha nyingine kila mtu azihifadhi mwilini mwake, na ile ya kurudia nyumbani isiguswe kwa sababu yoyote ya anasa.

La tatu ni habari za nyumbani. Kabla ya kuondoka, kijana aache majina ya wenzake na namba za simu za jamaa zao, kisha apange saa ya kupiga simu. Saa za Rwanda ziko nyuma ya zile za Tanzania kwa saa moja, hivyo saa mbili usiku ya Dar es Salaam ni saa moja usiku ya Kigali. Jambo dogo kama hilo lisipokumbukwa, mama hukesha akilia, kumbe mtoto yuko salama anakula samaki.

La nne, ambalo husahauliwa kuliko yote, ni ugonjwa. Uchukuliwe mfano wa vijana wanne, mmoja wao akiwa binti wa polisi wa Kigali. Wameona magofu ya Kaole karibu na Bagamoyo, wakaenda Tanga, wakateremka Pangani na kuvuka mto kwa kivuko hadi Bweni. Siku ya sita binti anashikwa na homa kali. Nauli za kwenda Kilwa zimekwisha lipwa, na basi litaondoka alfajiri. Kama hawakupatana lolote, kila mmoja ataupapasa mfuko wake gizani. Asubuhi mgonjwa ataamka peke yake katika chumba cha kupanga, katika mji ambao hakuna ajuaye jina la baba yake. Lakini kama walipatana tangu Nyabugogo kwamba mgonjwa hubaki na mtu, basi mmoja atakaa naye na kumpeleka hospitali, mfuko wa wote utalipia vipimo na dawa, na wazazi watajulishwa usiku uleule. Safari ya Kilwa itakosekana. Magofu ya msikiti mkuu wa Kilwa Kisiwani, yaliyotiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981, yamesubiri karne nyingi, nayo yatasubiri hata likizo ijayo.

Hapo ndipo askari na polisi wana la kuwafundisha watoto wao. Askari hakuwachagua wenzake wa bwenini. Alikutana nao siku moja, akiwa hajui kabila wala nyumba ya yeyote. Kilichowafanya kuwa ndugu ni zamu ya ulinzi iliyoshikwa bila kuibiwa, maji ya chupa moja yaliyogawanywa sawasawa, na aliyeumia kutoachwa nyuma. Mzazi mwenye mafunzo hayo asiishie kumwambia mwanawe, “Jihadhari na watu.” Amweleze pia namna ya kuwa mtu ambaye wengine hawana haja ya kujihadhari naye, kwa maana kijana wake naye ni mgeni machoni pa wenzake, na huko makwao wapo akina mama wanaouliza swali lilelile.

Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Anayetaka kufuatana na watu hadi baharini, na awaulize jambo moja kabla basi halijang'oa nanga: nikiugua, nani atabaki nami? Na awe tayari kulijibu yeye kwanza.