Kongo katika Jumuiya: saini pekee haishushi ushuru

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilitia saini mkataba wa kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki Aprili 8, 2022, na Julai mwaka huo ikawa mwanachama kamili. Mfanyabiashara wa Kigoma au Kasindi angeweza kudhani ushuru ungeondoka siku hiyo hiyo. Lakini afisa wa forodha hatozi kwa kufuata hotuba za marais. Hutoza kwa kufuata sheria ya nchi yake.

Hili si jambo geni. Rwanda na Burundi zilijiunga Julai 2007, lakini zilianza kutumia Umoja wa Forodha Julai 2009.

Kwa Kongo kazi ni kubwa zaidi. Sheria yake ya forodha ni ya mwaka 2010, na viwango vyake vikuu vya ushuru ni asilimia 5, 10 na 20. Jumuiya inatumia 0, 10, 25 na, tangu Julai 2022, asilimia 35 kwa bidhaa kama nguo, fanicha na mafuta ya kula.

Tuchukue fanicha ya dola 1,000 kutoka China. Kwa kiwango cha asilimia 20, ushuru ni dola 200. Kwa kiwango cha Jumuiya ni dola 350. Fanicha iliyotengenezwa Tanzania, yenye cheti cha uasili, haitozwi ushuru wa forodha, ingawa kodi ya ongezeko la thamani inabaki.

Kwa hiyo mabadiliko ya sheria Kinshasa yatamnufaisha anayeuza bidhaa za viwanda vyetu, na yatambana anayepitisha mzigo wa Asia. Kitenge cha China kilichonunuliwa Kariakoo hakigeuki kuwa cha Tanzania kwa sababu ya risiti ya Kariakoo.

Hazina ya Kongo nayo ina hofu ya kupoteza mapato, na viwanda vyake vichanga vina hofu ya ushindani. Hofu hizo zina dawa iliyokwisha kujaribiwa. Umoja wa Forodha ulipoanza mwaka 2005, baadhi ya bidhaa za Kenya zilizoingia Uganda na Tanzania ziliendelea kutozwa ushuru uliopunguzwa hatua kwa hatua kwa miaka 5. Kongo inastahili ratiba ya aina hiyo, mradi iwe na tarehe na itangazwe mapema, ili mwenye mtaji mdogo asiagize mzigo kwa bei ya jana na kuulipia ushuru wa leo.

Wakati huo huo, mfanyabiashara ajizoeze kudai cheti. Kwa mzigo usiozidi dola 2,000, Jumuiya ina cheti rahisi cha uasili kinachotolewa mpakani kwa bidhaa zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa. Sheria mpya itamfaa zaidi yule ambaye tayari anajua bidhaa yake imetengenezwa wapi, na ana karatasi ya kuthibitisha.